Korseti ya Mke wa Dereva

Fundi alijifunza kushona korseti kwa mama yake, enzi zile za vyuma mbavuni na kamba zinazokazwa mpaka mtu anapumua kwa kubahatisha. Siku hizi wanawake wananunua taiti za kubana, wanajivalisha wenyewe na kwenda zao. Mteja wa korseti aliyembakia alikuwa mke wa dereva wa malori.

Huyo hakuja kupunguzwa. Alikuwa anakonda, na hakutaka mumewe, ambaye safari zilimweka mbali wiki nyingi, ajue.

"Niongezee nyama hapa na hapa, dada," alisema, akijishika nyonga.

Fundi akashonea sponji kwa ndani. Kila mara mama yule aliporudi, sponji iliongezwa. Akishapimwa alikaa, wakanywa chai, wakawasema wanaume wakacheka. Siku moja fundi alimsihi aende hospitali.

"Nimeshakwenda," akajibu, akageuza mazungumzo. Kisha hakuja tena.

Dereva ndiye aliyekuja, baada ya mazishi. Akaitoa korseti kwenye begi, akailaza mezani.

"Wewe ndiye uliyemshonea marehemu mke wangu hii?"

"Ni mimi, shemeji. Kumbe... Pole sana. Sikupata habari."

"Basi nilikuwa nakumbatia sponji."

"Aliniomba."

"Ulijua anaumwa?"

"Nilijua."

Dereva akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakufoka. "Itoe sponji yote," akasema. "Ipunguze iwe kama alivyokuwa mwenyewe."

Fundi akafumua, akakata, akashona upya, mwanamume akimtazama bila kupepesa macho. Ilipokwisha, dereva akaizungushia viganja. Vidole vilikaribia kukutana.

"Alikuwa anaongea nini akija hapa?"

"Mambo ya kawaida tu. Tulikuwa tunacheka."

"Alikuwa anacheka?"

"Sana."

Akaikunja korseti, akaipenyeza ndani ya shati, akaondoka bila kuaga.

Fundi akafagia vipande vya sponji. Nani angempa pole yeye? Mtu hahesabiwi kuwa amefiwa kwa sababu ya mteja.

Muuza viatu wa mlango wa pili akachungulia, akaomba uzi mweusi.

"Yule mwanamume ni nani?"

"Mume wa mteja," akasema fundi, akampa uzi.