Mama Mkwe Alipopewa Hendeli

Mume wangu Col haogopi baridi wala panya wa mferejini, lakini anamwogopa mama yake. Kwa hiyo nilipomsikia akimwahidi jambo kwenye simu, nilijua limeshakuwa sheria.

"Mama, njoo ushinde nasi botini siku moja tu. Jioni ukisema hapa si pa kulea mtoto, basi, tunahamia chumba chako cha nyuma kabla mfereji haujaganda barafu."

Nilimtazama kama mtu anayeitazama shuka yake ikielea kwenda zake.

Boti yetu, ambayo ndiyo nyumba yetu hapa mferejini, ni ndefu kama basi na nusu, na nyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mabel wetu amekuwa akilala kando ya jiko la makaa ya mawe tangu siku tuliyomleta kutoka hospitali, na nadhani anaamini nyumba zote duniani huyumbayumba kidogo bata wakipita. Naipenda boti hii. Chumba cha nyuma cha mama mkwe nimekiona. Kina zulia ambalo haliruhusiwi kukanyagwa.

Mama mkwe, Noreen, alikuja Jumapili, amevaa suruali nyeupe. Nyeupe! Kwenye boti yenye jiko la makaa! Nikajua siku itakuwa ndefu.

"Miezi tisa, na hatambai," alisema hata kabla hajakaa, akimbeba Mabel kwa mikono iliyonyooka kama anampima uzito. "Atatambaa wapi, maskini? Kwenye ujia huu?"

"Atatambaa, mama," nikasema. "Kila mtoto na siku yake."

"Siku yake inangoja nafasi."

Kisha akauliza choo kiko wapi. Mimi na Col tukatazamana. Choo chetu kina sanduku chini yake, na sanduku likijaa taa nyekundu huwaka. Ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Mahali pa kulimwaga pako juu ya ngazi ya maji, karibu na bomba la kujazia tangi.

"Ngoja kidogo tu, mama," Col akasema. "Tunasogea mbele sasa hivi."

"Yaani mnahamisha nyumba nzima ili mimi nijisaidie?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnaona sawa?"

Ngazi ya maji ni kama sanduku kubwa la mawe lenye milango mbele na nyuma. Boti inaingia, milango ya chini inafungwa, unafungua kilango kidogo cha milango ya juu, maji yanajaa na boti inapanda nayo taratibu. Kilango hufunguliwa kwa hendeli ya chuma. Tulikuwa na hendeli tatu. Mbili zilishatumbukia mferejini, na Col hapendi ziongelewe.

Ili kumfurahisha mama yake, Col akampa ile iliyobaki. "Chomeka hapa, zungusha, kilango kinapanda. Basi."

Noreen aliizungusha kama anamnyonga mtu anayemfahamu. Maji yakaunguruma. Boti, iliyokuwa imezama shimoni hadi naona kuta zenye utelezi tu, ikaanza kupanda, nami nimeshika usukani na Mabel yuko mgongoni. Nilipochomoza juu nikamwona mama mkwe amesimama, nywele zimemtawanyika, mashavu mekundu.

"Nimekupandisha!" alisema. "Umeona? Mimi!"

Nikaitoa boti, Col akafunga mlango nyuma yetu. Kilango nilidhani Col amekishusha. Col alidhani mama yake amekishusha. Na mama yake hakuambiwa na mtu kwamba kinachopandishwa hushushwa.

Sasa, milango ya chini ya ngazi ile huvuja kama pakacha. Wahenga walisema mvujo wa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini hawakuwa wameegesha boti.

Tukafunga kamba kwenye vigingi, tumezikaza vizuri ili mgeni asiyumbe. Col akamwaga sanduku la choo, Noreen akajisaidia, nami nikajaza tangi maji. Halafu tukakaa kunywa chai na keki. Mama mkwe akaendelea na ukaguzi wake. Nepi zinakaukia juu ya jiko. Mtoto anaogeshwa kwenye beseni la vyombo. Na dirisha hili, mbona bata anachungulia?

"Anataka keki," nikasema.

"Nyumbani kwangu hakuna bata anayejua ratiba ya keki." Akakitazama kikombe chake. "Jodie, mbona chai yangu inanikimbia?"

Kikombe kilikuwa kinateleza mezani, polepole, kwa adabu. Nikakidaka.

"Boti hucheza kidogo, mama."

Kabati likafunguka lenyewe. Vitunguu vikatoka kimoja kimoja kama wanafunzi wa shule, vikabingirika hadi ukuta wa pili. Col akachungulia nje, akarudisha kichwa ndani. Alikuwa mweupe kuliko suruali ya mama yake.

"Jodie. Mfereji umeenda."

"Umeenda wapi?"

"Umeenda tu."

Kweli, maji yalikuwa yametoroka kupitia kilango na ile milango inayovuja. Ubavu mmoja wa boti umekalia ukingo wa mawe, mwingine umelalia tope. Bata walikuwa wanatembea kwa miguu, wamekasirika. Na mbele, kwenye ngazi inayofuata, boti ya kuuza makaa ilikuwa imekwama juu ikingoja kushuka. Pip, mwenye boti hiyo, alikuwa amesimama juu ya magunia yake mikono kiunoni.

"Nani kanywa maji yangu?" alipiga kelele. "Eeh, jamani! Nani kaacha kilango wazi?"

Majirani wakatoka kwenye boti zao, wote wameinama upande mmoja kama waumini. Huku kwetu mwenye kosa hilo huwachemshia chai wote wanaongoja maji, kisha hutaniwa mpaka azeeke. Nikamwangalia Noreen. Alikuwa anaitazama hendeli iliyo mkononi mwake, mdomo umemlegea, na kwa mara ya kwanza nikamwona mdogo. Nikamhurumia.

"Ni mimi, Pip!" nikasema. "Nimesahau."

"Muongo!" Noreen akafoka. Akatoka hadi sitaha, ameshikilia paa asianguke. "Asiniibie kazi yangu! Kilango kile nilikifungua mimi, peke yangu, kwa mikono hii!"

Pip akacheka hadi akakaa kwenye gunia.

"Basi shangazi, mimi naweka sukari tatu!"

Col akakimbia kushusha kilango. Pip akafungua vilango vya ngazi yake na kuanza kutuletea maji kutoka juu, kazi ya saa nzima. Na Noreen akachemsha chai, mguu mmoja sakafuni na mwingine juu ya kabati, akipokea vikombe dirishani na kujibu matani.

"Shangazi, kesho utakausha bahari?"

"Ikinisumbua, ndiyo!"

Nilikuwa nimemweka Mabel sakafuni, upande wa juu. Kitunguu cha mwisho kikampita kikibingirika. Akakitazama. Akainama mbele, akaweka viganja chini, na mteremko ukamsaidia. Mkono, goti, mkono, goti, anacheka, akashuka sakafu nzima hadi akakikamata na kukitia mdomoni.

"Anatambaa!" Noreen akapiga kelele, chai ikamwagikia suruali. "Pip! Wote! Mjukuu wangu anatambaa!"

Mferejini wakapiga makofi na kugonga vikombe.

Jioni tulikuwa tumeelea tena, tumenyooka. Suruali ya mama mkwe ilikuwa na mistari ya punda milia. Col akauliza kwa sauti ya mtoto wa shule, "Kwa hiyo, mama... chumba cha nyuma?"

Noreen alimbusu Mabel, akavaa koti.

"Sakafu ya chumba kile ni tambarare," akasema. "Angetambaaje?"

Nikamkumbatia hadi akalalamika.

Kesho yake tulitaka kusogea mbele. Tulitafuta hendeli jikoni, chini ya kitanda, kwenye beseni la Mabel. Hatimaye Col akampigia simu mama yake.

"Ndiyo, iko kwenye mkoba wangu," akajibu. "Nitakuja nayo Jumamosi. Na msiguse mlango wowote kabla sijafika."