Anayehema Arudi Kwao

Kijiko kiligonga glasi mara mbili gizani, kikanyamaza. Kikagonga tena mara mbili, kikanyamaza. Umeme ulikuwa umekatika, na Atiyat alikoroga sukari kwenye chai yake kwa vituo, kama mtu anayepanda mlima.

"Mama, leo usione haya," bintiye Sabah alisema kutoka kitandani. "Ukikosa pumzi, hema. Hema kama punda, wakusikie mpaka barabarani."

"Mbele za wanaume?"

"Mbele zao hasa."

Miaka ishirini na saba Atiyat alikuwa kibarua wa kiwanda cha kitani, katika chumba cha kuchana nyuzi, ambako vumbi lilitanda hata uso wa jirani ukawa kivuli. Sasa kiwanda kinauzwa. Atakayeandikwa na daktari kuwa mapafu yake ni mabovu, atapata pensheni. Wengine wataambiwa ahsante.

Kipimo chenyewe kilikuwa kutembea. Ukumbi mrefu wa zahanati, kiti huku, kiti kule, nenda rudi kwa dakika sita. Kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima hewa iliyomo kwenye damu, hakikuwa na betri. Dakta Wagih aliketi akiangalia saa ya simu yake. Kando yake alisimama Bwana Shukri, msimamizi wa kiwanda, aliyekuja kuwatambulisha vibarua. Kwenye mabenchi, wenzake Atiyat walisubiri zamu.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili, kifua kikabana kana kwamba mtu amekikalia. Atiyat akasimama mbele ya benchi.

"Umm Karam, hujambo? Mguu wa mzee umepona?"

Umm Karam akaanza kueleza habari za mguu, na mguu ule ulikuwa na habari nyingi. Atiyat alitikisa kichwa, midomo ameifunga, akivuta hewa kwa pua kidogo kidogo.

Hakukusudia. Mwili ndio ulioamua. Kila asubuhi, mlangoni pa kiwanda, Bwana Shukri alikuwa na neno lake moja: anayehema arudi kwao. Na waliohema walirudi kwao kweli. Waliobaki walijifunza kufunga mtandio upya, kuulizia watoto, kutafuta sindano sakafuni ambayo haikudondoka.

Sabah, aliyesimama mlangoni na binti yake Nesma wa miaka mitano, alimwashiria mama yake: hema! Atiyat akamwona. Akamwona Bwana Shukri pia. Akainama kurekebisha kiatu.

"Atiyat huyu mdomo wake hauchoki!" Bwana Shukri alicheka. "Hata kwenye mtihani anapiga soga!"

Dakika sita zikaisha.

"Habari ya kifua, mama?" daktari aliuliza, macho kwenye karatasi.

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Akaandika.

"Daktari, anaficha!" Sabah alisogea mezani. "Ndivyo anavyopumzika, anajifanya anasalimia watu!"

Daktari akaweka kalamu chini. "Tuelewane, binti. Ananidanganya, au ni mzima? Niandike lipi?"

"Mrudishe atembee tena. Dakika sita tu, bwana."

"Asiye na pumzi hapigi soga. Anayefuata!"

Karatasi ikagongwa muhuri. Bwana Shukri mwenyewe akamkabidhi Atiyat, kwa mikono miwili, kwa heshima. "Hongera, mama. Afya ni utajiri."

Nyumbani kwao kulikuwa ghorofa ya nne. Sabah alitangulia, karatasi ameikunja kwenye kiganja, hataki kugeuka nyuma. Nesma alipanda ngazi kwa ngazi ubavuni mwa bibi yake. Ghorofa ya pili Atiyat akasimama, mkono ukutani, akaelekea mlango wa kushoto.

"Umm Fawzi," alisema. "Hamjambo humo ndani?"

Kufuli la mlango lilikuwa limeota kutu. Midomo ya Atiyat ilikuwa imeiva rangi ya zambarau.

"Na watoto... hawajambo?"

Nesma aliutazama mlango, akamtazama bibi yake.

"Bibi, hapa hakuna mtu."