Hesabu Alizoziharibu Selina

Selina aliacha shule akiwa darasa la tano, wiki ileile mama yake alipozikwa. Baba yao, Pantaleo, kuli wa bandarini, alimwita chumbani akamwambia, "Mmoja lazima abaki nyumbani, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa." Scholastika, mdogo wake, alikuwa darasa la pili. Basi Skola akaendelea na shule, na Selina akabaki na jiko, ndoo za maji, na foleni ya unga.

Miaka mitano ilipita hivyo katika chumba chao cha kupanga Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Selina hakunung'unika. Alimshonea mdogo wake vifungo, akamsuka nywele kila Jumapili baada ya misa. Mambo yalikuja kubadilika mwaka wa sabini na tano, Skola alipofika darasa la saba na kuanza kufundishwa kutafuta x.

"Ni herufi au namba?" Selina aliuliza jioni moja, akichambua mchele uani.

"Ni namba ila hatuijui bado. Ndiyo tunaitafuta." Skola aliandika mstari mmoja, akafuta, akaandika tena. Kisha akafunika daftari kwa mkono. "Usijisumbue, dada. Haya ni mambo ya darasa la saba."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Selina alikumbuka kwamba darasa la tano yeye ndiye aliyekuwa akiitwa ubaoni wengine wakishindwa, na kwamba ni yeye aliyemfundisha Skola huyuhuyu kujumlisha kwa vizibo vya soda. Usiku ule alilala ameelekea ukutani.

Kuanzia hapo, kila Skola alipokwenda darasani kwa zamu ya mchana, Selina alichukua kitabu kilichobaki chini ya kitanda. Alisoma akisubiri maharage yaive. Wiki ya kwanza hakuelewa kitu. Wiki ya pili akaelewa kwamba pande mbili za mlinganyo ni sawa, na namba ikihama upande, alama yake inageuka: jumlisha inakuwa toa, toa inakuwa jumlisha. Alifanya hesabu kwa mkaa kwenye sakafu ya uani, akazifuta kwa maji kabla wapangaji wenzake hawajaziona. Alipopata jibu na kukuta mwishoni mwa kitabu jibu ni lilelile, alifurahi peke yake, na furaha ile ikamuuma. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kisha Skola akarudi na habari. Mwalimu Evarista alikuwa anachagua wanafunzi wanane wa kufundishwa zaidi kwa ajili ya mtihani wa mwisho. Angewapima kwa hesabu kumi za nyumbani.

"Mimi sina wasiwasi," Skola alisema akicheka. "Mwalimu anasema nina kichwa cha peke yake."

Pantaleo akamkata Skola kipande kikubwa cha samaki. "Huyu ndiye atakayetutoa," akasema. Selina alikuwa ameshika mwiko. Hakuna aliyemwangalia.

Asubuhi iliyofuata, Skola alipokwenda kuoga, Selina alifungua daftari. Hesabu zote zilikuwa zimeandikwa kwa penseli, na zote zilikuwa sahihi. Alichukua kifutio. Palipokuwa na 6x + 7 = 55, Skola alikuwa ametoa saba na kupata x ni 8. Selina akafuta, akaandika 55 + 7, akaishusha hesabu mpaka chini, kana kwamba mwandishi amesahau tu kugeuza alama. Aliharibu sita kati ya kumi kwa namna hiyo. Alirudisha daftari kwenye mkoba, akaenda kumwaga majivu.

Skola alirudi jioni viganja vimevimba.

"Amenichapa. Amesema nimemwaibisha, kosa hilihili amelikemea wiki nzima. Na nimetolewa kwenye wale wanane." Alilia hadi kwikwi. "Dada, naapa niligeuza alama!"

Selina alimwekea maji ya baridi kwenye bakuli atumbukize mikono. Kwa dakika chache alijisikia mwepesi. Halafu aliviona vile vidole ndani ya maji, akashindwa kukaa.

Skola alikuwa amefungua daftari kwa ncha za vidole. Akainamia mstari mmoja.

"Saba hii ina mkanda katikati."

Katika nyumba ile ni yeye tu aliyeandika saba ya mkanda. Alifundishwa na masista huko Ndanda kabla hawajahamia Dar.

"Ni wewe." Skola alisimama. Selina alingoja matusi, au baba aitwe. Lakini Skola aliinamia tena daftari, akazipitia zile sita moja baada ya nyingine. "Umejuaje mahali pa kuharibu?"

Kesho yake walikwenda shuleni pamoja. Selina hakuwa amevuka geti lile tangu msiba.

"Shikamoo, mwalimu. Mdogo wangu hana kosa. Nilizifuta mimi."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Wivu, mwalimu."

Mwalimu Evarista aliyapitia tena yale makosa sita, kisha akaandika ubaoni hesabu yenye mabano na kumpa chaki. Selina alifungua mabano, akakusanya x upande mmoja, akafika kwenye jibu. Skola akarudishwa kwenye wale wanane. Selina alipewa kitabu cha zamani kisicho na jalada. "Darasa la watu wazima litakuchosha, wanaanza na a, e, i," mwalimu alisema. "Soma hiki. Ukikwama, njoo Jumatano."

Njia nzima ya kurudi Skola alikuwa mbele. Walipofika karibu na soko akasema bila kugeuka, "Ile ya mabano mimi ilinichukua wiki mbili." Tangu siku hiyo alianza kufungia vitabu vyake kwenye sanduku, na kila Selina alipotoka kwa mwalimu alimuuliza, kwa sauti ya kujifanya hajali, wamefika wapi.

Skola alifaulu, akapangiwa shule ya bweni Tabora. Baba alipita chumba hadi chumba akitangaza. Selina alimpigia pasi sketi mbili, akamsindikiza hadi stesheni ya reli.

"Bado unanionea wivu?" Skola aliuliza dirishani.

"Ndiyo. Na leo zaidi."

Skola alitikisa kichwa taratibu. "Niandikie," akasema. "Lakini usiniandikie hesabu."

Treni iliondoka. Selina alisimama mpaka jukwaa likabaki tupu, akitamani kile kiti cha dirishani kuliko kitu chochote alichowahi kukitamani. Kisha akageuka, akashika njia ya kwenda kwa Mwalimu Evarista, maana ilikuwa Jumatano na sura ya tisa ya kile kitabu ilikuwa imemshinda.