Kasa wa Bricelda, Ndege wa Otilia

Pale kisiwani blauzi ya msichana ina picha mbili za vitambaa, ya kifuani na ya mgongoni, na picha hizo sharti ziwe ndugu. Si lazima ziwe mapacha, ila mtu akiziona ajue zimetoka tumbo moja. Ndiyo maana Bricelda na dada yake Otilia, waliojitolea kumshonea Aidelis, binti wa mdogo wao, blauzi ya sherehe ya kuvunja ungo, walinuniana wiki nzima.

"Mtoto avae kasa," alisema Otilia. "Anazunguka bahari yote na bado anarudi ufukweni alikozaliwa. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, dada. Ndege mvumaji hazidi kidole gumba, lakini ukigusa maua yake anamtimua hata mwewe. Mwanangu asionewe."

Kila mmoja akajitenga na kitambaa chake, akikifunika mwenzake akipita. Bricelda alikata, akashona, akafumua. Moyo ulimsuta. Blauzi isiyolingana ingechekwa na kisiwa kizima, na aibu ingekuwa ya mtoto. Mwisho akameza kiburi chake, akashona kasa.

Siku ya sherehe pombe ya miwa ilinukia hadi ufukweni. Aidelis akatoka kwenye uzio wa majani alimowekwa mwali, nywele zimekatwa, mwili mweusi kwa rangi ya tunda, kama mila inavyotaka. Bricelda akakunjua kasa wake. Otilia akakunjua ndege mvumaji.

Wote wawili walikuwa wamejishusha, na blauzi imeharibika vilevile. Bricelda alitamani kulia.

Aidelis ndiye aliyeanza kucheka. "Mama mkubwa, ndege wako kala nini? Huyu haruki mpaka asukumwe." Akamgeukia Bricelda. "Na kasa wako, mama mkubwa, anamfukuza nani?"

Bricelda akatazama vizuri. Ndege wa Otilia alikuwa mnene na mtulivu, mabawa mapana kama makasia. Kasa wake mwenyewe alikuwa amenyoosha shingo kutafuta ugomvi, mapezi juu. Ndege ana tabia ya kasa, kasa ana tabia ya ndege; walikuwa ndugu kabisa.

"Lete sindano," alisema Otilia, akifuta macho.

Wakaunganisha, huyu ubavu huu, yule ubavu ule, filimbi zikiita nje.

"Mbele akae ndege wa dada," alisema Bricelda.

"Wapi. Mbele kasa wa mdogo wangu."

Wakaanza kubishana upya, hadi Aidelis akawanyang'anya blauzi, akaivaa alivyotaka mwenyewe, akaenda kucheza.