Komeo Lisilopakwa Grisi

Ko. Ko-ko. Mlango ulikuwa ukigonga fremu yake gizani kama mgeni asiye na haya. Kitambaa walichoufungia kilikuwa kimelegea tena, na mtoto akashtuka.

"Mama, nani?"

"Upepo tu, mama. Lala."

Mama mwenyewe hakupata tena usingizi. Leo ndiyo leo. Kozi ya awali ya ufundi wa vyuma ilikuwa inaisha, na kila mmoja alitakiwa kukabidhi komeo alilolitengeneza kwa mikono yake. Likiteleza, unaingia darasa la mashine. Likikwama, unarudi nyumbani kungoja kozi nyingine.

"Nenda," mama yake alimwambia kulipokucha, akimpokea mjukuu. "Mkono unaosuka nywele za huyu asiyetulia utashindwaje na chuma? Chuma angalau hakilii."

Lakini kule karakana chuma kiligoma kama punda. Kila akisukuma, komeo lilifika katikati likanasa. Jirani yake wa meza, ambaye aliacha kunyoa watu ili ajifunze ufundi na bado wote walimwita Kinyozi, akamsogezea kopo.

"Paka grisi, dada. Litateleza kama ulimi wa dalali."

"Halafu ikikauka?"

"Ikikauka utakuwa ushafaulu! Mtihani ni leo, si mwakani."

Akachovya kidole. Mara akamwona akilini mwanawe yuko ndani, komeo limekwama, vidole vidogo vinavuta na kuvuta. Akakifuta kidole kwenye ovaroli.

Akalichomoa komeo, akalipaka chaki, akalirudisha na kulisukuma. Pale chaki ilipofutika ndipo palipokuwa na kinundu. Akapiga tupa hapo hapo, polepole, maana mwalimu alishawaonya kwamba chuma ukishakikwangua hakirudi. Akajaribu. Bado. Akapiga tena kidogo, moyo mkononi, wenzake wameshamaliza na wanapiga soga.

Mwalimu akaja, na kabla ya lolote akatoa kitambaa mfukoni. La Kinyozi alilifuta mpaka likang'aa, kisha akalisukuma. Halikusogea hata kwa dawa.

"Hili ulilitengeneza au ulilikaanga?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Jamani," Kinyozi akasema, "leo mimi ndiye nimenyolewa bila maji."

Likafuata la yule mama. Mwalimu alilifuta, kitambaa kikatoka kikavu. Akamtazama, akalisukuma kwa kidole kimoja. *Tk.* Likaingia.

"Jumatatu, mashine. Uje na viatu vya kufunika vidole. Na hili nenda nalo, ni lako."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akashika meza, akacheka huku machozi yanamlenga.

Jioni ile alilifunga mlangoni, bibi akishika tochi na kutoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Walipozima taa, upepo ukaja, ukasukuma, ukasukuma tena, ukaenda zake. Akasikiliza pumzi za mwanawe, akidhani amelala.

"Mama," mtoto akasema, "mlango haugongi tena."