Tuliizimua

Walimwita Sindano kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa kuchoma ng'ombe sindano, na kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Hilo la ulimi mumewe ndiye aliyependa kulisema, kwa utani, mbele za wageni. Siku hiyo utani haukuwapo. Saa nne asubuhi alipigiwa simu kazini: binti yake wa miaka sita, waliyemwita Kifaranga, kazidiwa, yuko hospitali. Alikimbia vilevile alivyo, na mabuti yake ya mpira yenye kinyesi.

Wodini alimkuta mumewe kando ya kitanda. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akikaa kwao na kumwangalia mtoto, alijikunja kwenye benchi. Kifaranga alitokwa mate bila kukoma, jasho na machozi pia, na misuli ya mashavu ilikuwa ikimchezacheza. Daktari, kijana mpole aliyechoka, alidhani ni homa ya uti wa mgongo. Muuguzi alishaleta trei ya vifaa vya kuvuta maji mgongoni.

"Nauliza tena," daktari alisema. "Kuna kitu alichokula, alichokunywa au alichopakwa?"

"Hapana, daktari," mume alijibu. "Kaamka mzima, kacheza, kaanguka. Basi." Akamshika mkewe mkono, akaubana. Na Sindano, masikini ya Mungu, akashukuru moyoni kwamba ana mume.

Kisha akainama kumtazama mwanawe machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, zimebaki nukta. Lo! Hali hii aliijua kuliko jina lake. Mfugaji anakoroga dawa ya kuogeshea kwa kukisia, na ndama anatokwa mate, anatetemeka, mboni zinakuwa hivi hivi. Akanusa kichwa cha mtoto. Sabuni ya kufulia. Misuko ilikuwa imelowa. Akaipenyeza pua katikati ya misuko hadi kwenye ngozi, akaipata ile harufu anayorudi nayo nyumbani kila siku ya kuogesha ng'ombe.

"Daktari, achana na mgongo. Hii ni sumu ya kuulia kupe."

"Una hakika, mama? Dawa ya kuzima sumu hiyo inatolewa kwa wingi. Nikikosea, itamvuruga mapigo ya moyo."

Sindano akamgeukia wifi yake. "Wifi yangu, leo sigombi. Mtoto kapakwa nini?"

"Maji na sabuni tu, haki ya Mungu."

"Alikuwa na chawa?"

Wifi akaangua kilio. "Wawili watatu tu! Wifi, wala haikuwa kali! Kizibo kimoja kwenye ndoo. Tuliizimua sana!"

Daktari hakungoja zaidi, alishaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Sindano alibaki kwenye silabi moja. Tu. Wifi hakusema niliizimua, alisema tuliizimua. Nyumbani kwao kulikuwa na watu wazima watatu, na mmoja alikuwa kazini na ng'ombe wa watu.

Aligeuka taratibu. Mumewe alikuwa bado kamshika mkono.

"Na wewe ulikuwapo?"

"Nilijua utafoka," mume alisema, macho chini. "Ulikataza tusiiguse ile chupa yako ya dawa ya kupe. Nikaona nimwoshe kwanza, labda hali itatulia."

"Umeosha juu ya misuko! Sumu iko chini kwenye ngozi, inaingia mpaka dakika hii, na wewe umesimama hapa unanipapasa mkono!"

Akanyakua mkasi kwenye trei, akaikata misuko mmoja mmoja huku akilia kwa sauti, bila kumwonea mtu haya. Kosa la wifi lilimuuma, lakini alilielewa; aliona dawa, akadhani dawa ni dawa. Lakini huyu! Kaulizwa na daktari zaidi ya mara moja, uso kwa uso, akaona bora mtoto afe kuliko yeye kufokewa. Sindano alijiona mjinga wa mwisho, yeye aliyeshukuru.

Walimchoma dozi moja, ya pili, ya tano. Muuguzi alikiosha mara tatu kile kichwa kilichokatwa nywele. Alasiri mate yalikauka, mboni zikafunguka, na daktari akasema mtoto atapona. Mume akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi kama mtoto mdogo. Sindano akaanza kulegea. Akajiambia kwamba hofu humchanganya mtu, kwamba labda siku moja wataweza kulizungumza.

Hapo Kifaranga akafumbua macho. Yakampita mama yake, yakamtafuta baba.

"Baba," akanong'ona, sauti ikiwa nyembamba na imejaa fahari, "mama hajajua. Sijamwambia."

Sindano akamfunika mwanawe shuka mpaka kidevuni. Kisha akamwambia mumewe atoke nje, na hakupandisha sauti hata kidogo.