Slaidi Moja Kabla ya Mwisho

Siku ya kwanza ya wiki ya mafunzo ya usalama, kompyuta ya kiwanda cha maboksi iliwekwa kwenye meza ya chumba cha chai, na wafanyakazi wakapanga foleni mbele yake huku wakinung'unika. Kila mmoja aliandika jina, akasoma slaidi, akabonyeza Ndiyo au Hapana. Ukikataa kujibu, slaidi inayofuata haifunguki. Majibu yalikwenda yenyewe kwenye jedwali lililokuwa wazi ofisini, mbele ya karani aliyetengeneza slaidi zile. Wenzake walimwita Mama Slaidi, naye alishazoea.

Foleni ilipokwisha, jedwali liliongeza mstari mmoja. Jina lilikuwa la mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa mkanda wa mashine kiwandani humo humo, na alikufa msimu wa mvua uliopita, mkanda ulipodaka mkono wa shati lake. Walimwita Subiri, maana ukimwuliza chochote alisema kwanza, "Subiri," akawaza weee, kisha akasema kweli tupu. Mkewe aliwahi kununua gauni, akamwuliza kama limempendeza. Subiri aliwaza, akasema hapana, akaendelea kula.

Sasa alijibu vile vile, taratibu. Unavaa glavu? Ndiyo. Unaujua mlango wa dharura? Ndiyo. Mkanda una kinga? Hapana. Mama Slaidi alikwenda chumba cha chai. Kiti kilikuwa kitupu, kina joto, na slaidi ya mwisho ilipojibiwa kikapoa. Akarudi ofisini kupanga majina kwa alfabeti, na mumewe akaangukia katikati ya wapaka gundi wawili.

Jioni alimweleza mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye. Mama mkwe hakuacha kuchambua mchele.

"Muulize kama anakula," alisema.

Kesho yake, kabla ya foleni nyingine, Mama Slaidi akaongeza slaidi: Unakula? Akaunganisha kila kitufe na kisanduku chake kwenye jedwali, maana kitufe kisichounganishwa hubonyezwa bure. Subiri alijibu hapana. Mama mkwe alisema huyo tangu mdogo hali mpaka abembelezwe, na jioni nzima alikuwa na hasira naye.

Siku iliyofuata Mama Slaidi aliuliza kama huko kuna baridi. Ndiyo. Halafu akauliza: Unanikumbuka? Wapaka gundi walijibu ndiyo, kwa heshima. Jibu la Subiri lilichelewa mpaka chai ya mkewe ikapoa mezani. Ndiyo. Mama Slaidi alilaza uso kwenye kibodi akalia, na jedwali likajaa herufi moja mpaka chini, ikabidi afute.

Usiku ule hakula. Kulikuwa na swali moja tu alilolitaka, na alimjua mumewe, hasemi uongo. Alhamisi asubuhi akaliweka mwisho kabisa, baada ya slaidi ya kinga: Utarudi nyumbani?

Kabla foleni haijaanza, meneja alipita kukagua jedwali. Jina la marehemu halikumsumbua. Alisema alikuwa mtu wa bidii, pole sana mama. Kilichomuudhi ni Hapana za kinga, maana mafundi wote wa mkanda walijibu hivyo na mkaguzi alikuwa njiani. Mama Slaidi akauliza kama kinga itafungwa kwenye mkanda. Meneja akasema kinga inapunguza kasi ya mashine.

"Ondoa tu kitufe cha Hapana hapo," alisema. "Kikibaki kimoja, watabonyeza hicho hicho."

Mama Slaidi akakiondoa. Aliona aibu, lakini alikiondoa, na tusijifanye sisi tungegoma. Mafundi walibonyeza Ndiyo wakaenda kula.

Subiri aliingia wa mwisho. Glavu, ndiyo. Mlango, ndiyo. Alipofika kwenye kinga, akasimama. Mama Slaidi alingoja ofisini, kisha akaenda kukaa kando ya kile kiti. Kilikuwa na joto. Kitufe kilikuwa kimoja, cha uongo, na Subiri hakukigusa.

Jioni meneja alitaka kompyuta izimwe. Ikaandika kwamba kuna mtu bado anajibu.

"Basi mwache amalize," alisema meneja, akachukua funguo zake.

Mkaguzi alikuja, akaona Ndiyo kutoka juu hadi chini na mstari mmoja ambao haujakamilika, akagonga muhuri. Mama Slaidi anajua kukirudisha kile kitufe. Ni kazi ndogo sana. Akikirudisha, mumewe atabonyeza Hapana, atafika kwenye swali la mwisho, atalijibu, na kiti kitapoa. Mama mkwe hajamwambia akirudishe wala asikirudishe. Humpa tu chakula cha watu wawili abebe kazini.

Mkanda bado unazunguka bila kinga. Umepewa fundi mwingine, baba wa watoto wadogo. Kila asubuhi Mama Slaidi humsimamisha mlangoni, humkunjia mikono ya shati mpaka juu ya viwiko bila kumtazama usoni, kisha huenda chumba cha chai na kuweka kiganja chake juu ya kiti.